Lamu: Kaunti ya Kura Chache Iliyokataa Makaa ya Mawe

Katika uchaguzi mkuu wa 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni 22. Lamu, yenye wapiga kura wachache kuliko kaunti zote 47, ilikuwa nao takriban 81,000. Hata wote wangempa mtu mmoja, hawafikii nusu ya asilimia moja ya kura za nchi nzima. Kwa mwanasiasa wa Nairobi anayepiga hesabu za ushindi, hakuna kaunti iliyo rahisi kupuuzwa kuliko hii. Na ndiyo kaunti ambayo watu wake waliusimamisha mradi wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wa dola bilioni 2, uliokuwa na baraka za serikali kuu, mtaji wa kampuni kubwa za nchini na ahadi ya mkopo kutoka China.

Jambo hili linafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu limezoeleka kusimuliwa kama habari ya maandamano tu: watu waliingia barabarani, mabango yakainuliwa, mradi ukafa. Maandamano yalikuwepo, na waliojitokeza walihitaji ujasiri. Lakini kilichoifuta leseni ya mtambo ule ni mikutano ambayo sheria iliitaka na haikufanyika ipasavyo. Walioligundua hilo walikuwa wakazi waliojifunza sheria wenyewe, wakapata mawakili, wakangoja miaka karibu mitatu.

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliahidi kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40. Wakati huo mahitaji ya juu kabisa ya nchi, yaani ile saa ya jioni ambapo kila nyumba imewasha taa, hayakuwa yamefika megawati 1,500. Mtambo wa Lamu ulikuwa sehemu kubwa ya ahadi hiyo. Mwaka 2014 kampuni ya Amu Power, ubia wa Centum na Gulf Energy, ilipewa kazi ya kujenga mtambo wa megawati 1,050 huko Kwasasi, upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa cha Amu. Makaa ya mawe yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini mpaka yale ya Kitui yaanze kuchimbwa. Bomba la moshi lingesimama mita 210. Ungekuwa mtambo wa kwanza wa umeme wa makaa ya mawe nchini Kenya.

Lamu ni mahali pa namna gani? Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko huko. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Watu wa Amu, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na Ndau wanaishi kwa bahari: samaki, kamba, uchukuzi wa mashua, ukataji wa boriti, na siku za neema, watalii. Mradi wowote unaogusa maji ya ghuba ya Manda unagusa chungu cha nyumbani.

Na mtambo wa makaa ya mawe unayagusa maji moja kwa moja. Kazi yake ni kuchemsha maji yawe mvuke, mvuke uzungushe mashine za kufua umeme, kisha mvuke huo upozwe urudi kuwa maji. Kwasasi, cha kupozea kingekuwa maji ya bahari: yangevutwa kutoka ghubani, yangepita mtamboni, yangerudishwa yakiwa na joto zaidi ya yalivyotoka. Anayetazama ramani kutoka ofisini huona bahari kubwa na kusema joto hilo litapotelea humo. Mvuvi anaona kitu kingine. Wakati wa kusi bahari kuu huchafuka, na mwenye chombo kidogo hawezi kuvuka mwamba. Miezi hiyo yeye hubaki ndani, kwenye ghuba na vijito vya mikoko, na humo humo ndimo samaki na kamba wanamokulia. Kwa hiyo maji yaliyolengwa kupashwa joto ndiyo yanayomlisha msimu mgumu kuliko yote. Ukija kaskazi, swali linageuka: upepo huo unashuka kuelekea kusini, na mtambo ungekuwa kaskazini mwa mji, moshi ungeelekea wapi? Haya ni maswali ambayo mtu huyaleta mkutanoni kwa kuishi na bahari, na mtaalamu aliyekuja kwa ndege kwa wiki moja huenda asiyawaze kabisa.

Kisha liko jivu. Makaa ya mawe yakishaungua huacha jivu lenye chembe za zebaki, arseniki na risasi, na jivu hilo hurundikwa kwa miaka yote ya uhai wa mtambo. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa risasi ni nini. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ilitiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu; mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ilichukua hadi Desemba 2024 kwa Mahakama ya Juu kuuthibitisha uamuzi huo. Uamuzi huo wa mwisho ulikuja watoto wakiwa wameshaumia. Walioshuhudia hilo wana kila sababu ya kutaka kuuliza kabla ya kiwanda kujengwa.

Sasa, kwa nini wasiulize kwa kura? Hapa ndipo wengi hukwama. Katiba ya 2010 iligawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, na katika Jedwali la Nne sera ya nishati imewekwa mikononi mwa serikali kuu. Kaunti inabaki na mipango ya maendeleo ya eneo lake, pamoja na usambazaji wa umeme na gesi. Mkazi wa Lamu anaweza kumchagua gavana na mwakilishi wadi wanaopinga makaa ya mawe kwa kauli moja, lakini leseni ya kuzalisha umeme haitolewi na hao. Wanaoitoa wako Nairobi, na kwa wakubwa wao kura za Lamu ni tone. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote anayetaka nishati safi kwao anapaswa kulielewa: sanduku la kura lina mipaka yake, hasa kwa watu wachache walio pembezoni. Wanaoiona kura kuwa silaha pekee hukata tamaa mapema.

Katiba hiyo hiyo, hata hivyo, iliacha milango mingine wazi. Ibara ya 10 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameshaumizwa. Katika ibara hizi hakuna hesabu ya wingi. Watu watano wana haki ya kusikilizwa sawa na watu milioni tano.

Wakazi wa Lamu hawakuijua njia hii kwa ghafla. Ujio wa bandari mpya, sehemu ya mradi mkubwa wa uchukuzi wa LAPSSET, ulikuwa umewafundisha. Mwaka 2012 kundi la wakazi likiongozwa na Mohamed Ali Baadi lilienda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Muungano wa Save Lamu ulizaliwa katika mapambano hayo ya bandari. Mtambo ulipokuja, tayari kulikuwa na watu wanaojua jinsi ya kuweka kumbukumbu za mikutano, kuandika barua zinazodai nakala za ripoti, na kupita kijiji hadi kijiji wakieleza kwa lugha ya nyumbani yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi. Baadaye harakati ya deCOALonize, iliyoratibiwa na wakili Omar Elmawi, iliunganisha Lamu na wanaharakati wa Nairobi na kwingineko.

Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, NEMA, iliupa mradi leseni. Novemba, Save Lamu pamoja na wakazi watano walikata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET, ambalo ndilo husikiliza malalamiko ya leseni za aina hiyo. Uamuzi ulitolewa tarehe 26 Juni 2019. Leseni ikafutwa.

Inafaa kuutazama uamuzi huo kwa karibu, maana ndani yake kuna somo la kazi. Kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari za mazingira zinamtaka mwenye mradi, wakati wa kufanya tathmini, abandike matangazo ya mradi mahali pa wazi, atangaze magazetini na redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, aitishe angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, na aweke mtu wa kupokea na kuandika maoni yao, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake. Ripoti ikishakamilika, NEMA nayo ina wajibu wa kuitangaza na kukaribisha maoni juu yake. Amu Power walionyesha kwamba mikutano ilikuwepo. Jopo likauliza ilikuwa mikutano ya nini. Ikaonekana kwamba ile ya mwanzo ilikuwa ya utangulizi: watu walielezwa kuwa mradi unakuja, kabla tathmini yenyewe haijafanywa. Hapakuwa na takwimu za moshi za kuhoji, wala mpango wa jivu, wala hesabu ya joto la maji. Hayo yote yalipopatikana, watu hawakuitwa tena kama sheria inavyotaka.

NET ililiweka jambo hili kwa nguvu: ushiriki wa wananchi ndio hewa inayoipa tathmini uhai, na bila hewa hiyo ripoti ni mtoto aliyezaliwa mfu, hata iwe nene na ya kuvutia kiasi gani. Nimelirejea wazo hilo mara nyingi kwa sababu linagusa mazoea yetu mabaya kabisa. Chifu anaitisha baraza, soda zinagawiwa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, kila mtu anaandika jina na nambari ya kitambulisho. Miezi sita baadaye karatasi ile ile inaambatishwa kwenye ripoti kama ushahidi kwamba wananchi waliukubali mradi. Aliyetia sahihi alikuwa akithibitisha kwamba alifika. Jopo la Juni 2019 lilikataa kuuhesabu ufikaji kuwa ridhaa, na hilo limebaki kuwa fundisho la kisheria kwa kila mradi mkubwa nchini.

Sababu ya pili ilikuwa tabianchi. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilianza kutumika Mei 2016, miezi michache kabla ya leseni. Hata hivyo ripoti ya mtambo wa kwanza wa makaa ya mawe wa nchi haikulipa suala la tabianchi uzito uliostahili. Jopo liliona kwamba mradi wa namna hiyo hauwezi kupita pembeni ya sheria hiyo. Zingatia pia kile ambacho jopo halikufanya: halikupiga marufuku makaa ya mawe. Lilisema anayetaka kuendelea aanze tathmini upya, kwa utaratibu sahihi. Amu Power walikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa.

Wakati kesi ikiendelea, hoja nyingine ilikuwa inakomaa, nayo ilimhusu kila mlipaji wa umeme hadi Kakamega na Nyeri. Mkataba wa miaka 25 na Kenya Power uliibana kampuni hiyo ilipe gharama ya kuwepo kwa mtambo, utumike usitumike. Taasisi ya IEEFA ya Marekani ilikokotoa Juni 2019 kwamba malipo hayo yangefika dola milioni 360 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 25: dola bilioni 9. Mwaka huo wa 2019 mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalikuwa bado hayajafika megawati 2,000, na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua vilitosha kwa sehemu kubwa sana ya mahitaji hayo. Mtambo ungekaa wakati mwingi bila kazi, na bili ingekuja kila mwezi. Mvuvi wa Kizingitini na fundi cherehani wa Gikomba, Nairobi, walikuwa na kesi moja, ingawa mmoja tu ndiye aliyekuwa mahakamani.

Wafadhili walisoma alama hizo. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza Novemba 2019 kuwa haitaufadhili mradi. Baadaye ICBC ya China, iliyotarajiwa kutoa sehemu kubwa ya mkopo, nayo ikajitoa.

Haki inataka niseme pia kwamba si kila mtu Lamu aliupinga mtambo. Wapo vijana waliotaka ajira, na wapo wakulima wa upande wa Hindi na Kwasasi ambao mashamba yao yalishapimwa kwa ajili ya mradi, wakakaa miaka wakingoja fidia, wasijue walime au wahame. Hawa hawakuwa maadui wa mazingira. Walikuwa watu waliopewa ahadi. Harakati inayowasahau hujenga uhasama kijijini, na mwekezaji wa kesho ataingilia hapo hapo.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo wapenzi wa nishati safi hulikwepa. Haki iliyoizuia Kwasasi haibagui kati ya moshi na upepo. Kinangop, Nyandarua, ulikuwepo mradi wa upepo wa megawati 60. Wakulima walikuwa na hofu juu ya ardhi na afya zao, hawakupata majibu ya kuwatuliza, wakaandamana. Mwaka 2016 wawekezaji wakauacha. Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, na umeipa Kenya umeme usio na moshi wala gharama ya mafuta. Lakini ulijengwa ndani ya ekari 150,000 za ardhi ya jamii za wafugaji, na Oktoba 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Na walipa kodi walitozwa mabilioni kwa sababu njia ya kusafirisha umeme huo ilichelewa wakati mitambo ilikuwa tayari. Kule Uyombo, Kilifi, wakazi walipoandamana Mei 2024 kupinga kinu cha nyuklia walikutana na virungu, na serikali ilikuwa ikikinadi kinu hicho kuwa nishati safi.

Siutii upepo katika chungu kimoja na makaa ya mawe. Dunia inaungua, mvua zetu zimepoteza ratiba, na Kenya, ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake unatokana na vyanzo jadidifu, ina nafasi ya kuongoza Afrika. Ndiyo maana naumia kuona miradi mizuri ikiharibiwa kwa dharau. Mfugaji wa Laisamis, Marsabit, asiyeulizwa juu ya malisho yake ana haki ile ile ya mvuvi wa Ndau asiyeulizwa juu ya ghuba yake. Anayedai mtambo wa makaa ufuate sheria, kisha akaomba mradi wa jua usamehewe, anaukata mti alioupanda.

Basi wananchi wanaotaka nishati safi wadai nini, mbali na kukataa? Kuna mahali ambapo kura ya kaunti ina nguvu ya kweli, na ni mahali ambapo wagombea hawapendi kuulizwa. Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa waziri. Mpango huo ndio unaopaswa kusema ni vijiji gani havina umeme, zahanati zipi zitawekewa sola, na mahali kama Faza, ambako kwa miaka mingi umeme umetoka kwenye jenereta za dizeli, patabadilishwa vipi. Pia ziko fedha. Makueni iliweka kanuni mwaka 2015 za kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, baada ya Isiolo kulijaribu wazo la mfuko wa aina hiyo mapema zaidi. Leo, chini ya FLLoCA, mpango wa kitaifa wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, kaunti hutakiwa kutenga kiasi kama hicho au zaidi, na kamati za tabianchi za wadi, zinazotokana na wananchi wenyewe, ndizo zinazopanga vipaumbele: kisima hapa, upandaji wa mikoko pale, pampu ya jua kule. Fedha hizo si nyingi, lakini zinaamuliwa karibu na nyumbani, na hapo kura 300 zinaweza kumwangusha mwakilishi wadi.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Wagombea watakuja na fulana, na wengine watakuja na ahadi za nishati ya kijani. Ukiwa mpiga kura wa Lamu, Kilifi, Kitui au popote pale, muulize anayetaka ugavana uko wapi mpango wa nishati wa kaunti, na muulize anayetaka uwakilishi wadi ni nani walio kwenye kamati ya tabianchi na walichaguliwa lini. Wasipojibu, nenda ofisi ya kaunti ukaombe nakala kwa maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki hiyo, na huhitaji kungoja siku ya kura ili uitumie.